Daftari la Wiki: Kabla ya Kulaumu Prosesa

Kijana mmoja wa Msambweni, mhariri wa video za harusi, amejiundia kompyuta kwa vipande vya mtumba: kasha na ubao mama uliotoka Uingereza, kadi ya michoro ya Mombasa, prosesa aliyouziwa na rafiki. Iliwaka vizuri. Taabu ikaja kazini. Akipima prosesa kwa programu ya Cinebench, alama zinatoka chini kabisa ya zile wanazopata watu wenye prosesa kama hiyo; na akianza kutoa video ndefu, picha inaganda, kipanya hakisogei, sauti inang'ang'ania silabi moja mpaka ashikilie swichi. Fundi mmoja akamwambia anunue pawa saplai. Mwingine akasema prosesa imekufa. Vitu viwili hivyo, ukivijumlisha, ni malipo ya harusi kadhaa.

Binafsi naamini mashine ya huku Pwani haifai kuhukumiwa kabla hujakagua chumba inamokaa. Nilimwambia hivyo, tukaingia chumbani kwake mchana.

*

Paa ni mabati, dirisha ni moja, na kasha limesukumwa kwenye kona, tundu la kutolea hewa likitazama ukuta. Wanaopima prosesa kwa ajili ya majarida ya Ulaya na Marekani mara nyingi hukaa kwenye vyumba vya karibu nyuzijoto 21 au 22. Mwezi Machi, kaskazi ikiwa imelegea na kusi haijashika, chumba cha mabati Msambweni au Ukunda kinapita 33 bila shida. Feni haina uwezo wa kuipoza prosesa ikawa baridi kuliko hewa inayopulizwa. Joto likiongezeka chumbani, la prosesa nalo linapanda karibu kiasi hicho hicho. Prosesa nyingi za Intel zikikaribia nyuzijoto 100 hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Hazizimi wala hazitoi onyo kwenye skrini. Mwendo unashuka, na alama zinashuka nao.

Tulifungua programu ya HWiNFO huku kipimo kikiendelea. Joto likapanda upesi hadi ukingoni, kisha kasi ikaanza kuteremka mbele ya macho yetu. Tukasogeza kasha katikati ya chumba, tukatoa vumbi la matumbawe lililogandamana kwenye mapezi ya kipozeo, tukafuta pasta ya kupitisha joto iliyokauka na kupaka mpya. Alama zikapanda. Kisha akaongeza kipande cha pili cha RAM, kwa sababu ubao ule una njia mbili za kumbukumbu na yeye alikuwa akitumia moja.

Lakini mashine iliendelea kuganda.

*

Hapa ndipo mafundi wengi hukosea, na inaniuma kwa sababu anayelipia ni kijana. Malalamiko mawili yakija pamoja, wao hutafuta chanzo kimoja. Joto lilieleza alama duni; kuganda halikukueleza. Na ule ushauri wa pawa saplai ulitokana na rekodi ya Windows iitwayo Kernel-Power, nambari 41. Rekodi hiyo inasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kufuata utaratibu. Hata wewe mwenyewe ukishikilia swichi kwa kuwa imeganda, itaandikwa vile vile.

Tulitia MemTest86 kwenye flashi tukaiacha ipime RAM usiku. Asubuhi makosa yalijaa skrini. Kwenye RAM hata kosa moja ni ugonjwa.

"Mjomba, basi hizi RAM nizitupe?"

"Ngoja kwanza, mwanangu. Zichomoe tuzione."

Tukazipeleka dirishani. Kile kipande cha zamani, kwenye ile safu ya meno ya dhahabu, kilikuwa na vidoa vya kijani kibichi, vidogo kama vichwa vya sindano, mahali ambapo dhahabu imekwaruzika na shaba ya chini imekutana na hewa ya bahari. Chumvi ya Pwani haiishii kwenye mabawaba ya milango. Akayasugua meno polepole kwa raba ya penseli, akamalizia kwa spiriti ya asilimia 99, akapuliza tundu la ubao, akakirudisha kipande. MemTest86 ikapita usiku mzima bila kosa. Video ya harusi ya Kinondo imetoka yote.

*

Kuhusu stima. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilizama gizani, na watu wakajifunza kuchomoa plagi kabla stima haijarudi. Tabia hiyo idumu. Ila kinachochosha mashine pia ni kuyumba kwa volti kila siku, taa zikififia kila friji ya jirani inapoanza kunguruma. Kabla ya kadi kubwa ya michoro, nunua UPS yenye kurekebisha volti, na umwite fundi wa umeme ahakikishe nyumba ina waya wa ardhi.

*

Kuhusu prosesa za mtumba. Mwaka 2024 Intel ilitangaza kwamba prosesa zake za kompyuta za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikiyumba kwa sababu ya volti iliyozidi, ikatoa marekebisho kupitia BIOS na kuongeza miaka miwili ya dhamana. Marekebisho hayo huzuia madhara, hayaponyi prosesa iliyokwisha kudhurika. Anayenunua moja ya hizo kwa mkono wa pili aulize kama BIOS ilisasishwa, na lini.

*

Nina ombi kwa mafundi wa Ukunda na Msambweni, ambao wengi wao nawaheshimu kwa mikono yao. Kwenye risiti andikeni joto la prosesa kabla na baada ya kazi, na joto la chumba siku hiyo. Mteja akirudi mwezi Julai, kusi ikivuma, mtakuwa na cha kulinganisha.