Inoki na Idi Amin: mimi sikucheka

Hapa Edgbaston nina jirani mpenzi wa mieleka. Jana kanisimulia historia ya mkanda wa NWF, ambao Antonio Inoki wa Japani aliutwaa mara ya kwanza 1973. Akafika Januari 1979, Inoki akiwa bingwa: likatangazwa pambano lake na Idi Amin, Kampala, mwezi Juni, refa Muhammad Ali! Jirani alicheka mpaka machozi.

Mimi sikucheka. Januari hiyo vijana wetu wa JWTZ walikuwa vitani. Amin alishavamia Kagera, watu wameuawa, daraja la Kyaka limevunjwa. Halafu kuna aliyeona huyo anafaa kuuzia tiketi?

Jirani akamalizia, "basi, likafutwa." Halikujifuta! Tarehe 11 Aprili vijana wetu na wapiganaji wa Uganda waliiteka Kampala, Amin akakimbia.

Mkanda wa NWF uliachwa 1981 kupisha IWGP, na historia yake imeandikwa. Ya Kagera je? Waulizeni wazee wetu, muandike. Tukinyamaza, Amin atabaki kichekesho.

Tuko pamoja.