Nani Aubebe Mzigo wa Anwani Mpya za Intaneti?

Kila kifaa kinachounganishwa na intaneti huhitaji anwani, yaani namba inayowezesha data kukifikia, na kwa zaidi ya miongo minne sehemu kubwa ya dunia imetegemea mpangilio wa namba ulioandikwa mwaka 1981, unaojulikana kama IPv4, ambao anwani yake ina biti 32 na kwa hiyo jumla ya anwani zake haizidi takriban bilioni 4.3. Mpangilio mpya, IPv6, ulichapishwa mwaka 1995, na kwa kuwa anwani yake ina biti 128, idadi ya anwani zake huandikwa kwa tarakimu 39. Hata hivyo, baada ya takriban miaka 30, vipimo vinavyotolewa na Google vinaonyesha kuwa ni karibu nusu tu ya watumiaji wake wanaoifikia kwa mpangilio huo. Sababu inayotajwa mara nyingi na watoa huduma ni kwamba wateja hawauulizii. Kauli hiyo ni ya kweli, ila haiwezi kuwa hoja ya kuchelewa, kwa sababu mteja hana namna ya kudai kitu asichokiona, na hasara anayoipata kwa kukikosa humjia kwa sura ya matatizo mengine.

Uhaba wenyewe si jambo la kubahatisha. Tarehe 3 Februari 2011 hazina kuu ya dunia iligawa mafungu yake matano ya mwisho ya IPv4 kwa mashirika matano ya kikanda, likiwamo AFRINIC, lenye makao yake Mauritius na linalohudumia Afrika. Tangu Januari 2020 shirika hilo limekuwa katika hatua ya mwisho ya kumaliza akiba, ambapo mwombaji hapewi zaidi ya anwani 1,024 kwa mara moja, ilhali Marekani peke yake, iliyoanza kugawiwa wakati namba zilikuwa tele, inashikilia zaidi ya theluthi moja ya anwani zote. Waliochelewa hulazimika kununua sokoni, na bei zilianza kujulikana hadharani mwaka 2011, Microsoft ilipolipa dola milioni 7.5 kwa anwani 666,624 zilizokuwa mali ya kampuni iliyofilisika ya Nortel.

Badala ya kununua, kampuni nyingi za simu huwagawanya wateja wengi kwenye anwani moja ya hadhara. Kwa utaratibu huo, mteja hupewa anwani ya ndani isiyotambulika nje ya mtandao wa kampuni, na mtambo mkubwa hutafsiri mawasiliano yake yanapotoka, ukitofautisha wateja kwa namba za milango, ambazo kwa kila anwani ni 65,536. Kwa anayesoma habari, kutuma ujumbe au kulipia umeme kwa simu, utaratibu huu unafanya kazi vizuri, na watetezi wake wana haki ya kulisema hilo. Upungufu hujitokeza pale mawasiliano yanapotakiwa kuanzia nje kuja ndani. Mwenye duka aliyefunga kamera ya ulinzi na kutaka kuitazama moja kwa moja akiwa nyumbani, bila kupitia seva ya kampuni ya kati, anaweza kufuata maelekezo yote ya fundi, akafungua mlango kwenye ruta yake, na bado asiione picha. Akitazama vizuri ukurasa wa mipangilio, huenda akakuta anwani ya ruta inaanza na namba kati ya 100.64 na 100.127, eneo lililotengwa mwaka 2012 mahususi kwa mitambo hiyo ya kugawana. Vivyo hivyo, mtumiaji mmoja akifanya uharibifu na tovuti ikaifunga anwani yake, wote wanaoishiriki hufungiwa pamoja naye. Watu hao hawalalamikii uhaba wa anwani, bali hulaumu kamera, ruta au tovuti, na kwa hiyo malalamiko yao hayahesabiwi popote kuwa madai ya IPv6.

Watoa huduma nao wana sababu za kusita ambazo hazipaswi kupuuzwa. IPv6 haizungumzi moja kwa moja na IPv4, hivyo anayehama mapema hubeba gharama ya kuendesha mipangilio miwili kwa pamoja, huku faida ikikua kadiri wengine wanavyomfuata. Mafundi wanahitaji mafunzo, na ruta za zamani majumbani zinahitaji kubadilishwa. Wapo pia wanaohofia usalama, wakidhani kuwa kujificha nyuma ya anwani ya pamoja ni kinga, ingawa kinga halisi hutolewa na ukuta wa moto, ambao huweza kuwekwa kwenye mpangilio wowote. Faragha nayo ilishughulikiwa mapema: tangu mwaka 2001 upo utaratibu unaokiwezesha kifaa kubadilisha anwani yake ya IPv6 mara kwa mara, ili kisifuatiliwe kwa urahisi.

Uzoefu wa nchi zilizopiga hatua unaonyesha mahali ambapo uamuzi hufanyika. Nchini Ubelgiji, kampuni kubwa za intaneti zilikubaliana mwaka 2012 kwamba anwani moja isitumiwe na wateja zaidi ya 16, ili vyombo vya upelelezi viweze kumtambua mhusika, na kwa kuwa kikomo hicho kilipunguza faida ya kugawana, nchi hiyo ikawa miongoni mwa zilizoongoza duniani kwa matumizi ya IPv6. Nchini India, Reliance Jio ilianza huduma mwaka 2016 ikiwa na mamilioni ya wateja wa kuwahudumia na bila urithi wa anwani za kutosha, ikajenga mtandao wake juu ya IPv6, na leo zaidi ya nusu ya watumiaji wa nchi hiyo wamo katika mpangilio mpya. Mwaka huohuo Apple ilianza kudai kwamba programu zinazowasilishwa kwenye duka lake ziweze kufanya kazi katika mtandao wenye IPv6 pekee. Katika mifano yote mitatu hakuna mteja aliyeelimishwa wala kuombwa achague. Wengi wao walihamishwa bila kujua.

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndivyo ilivyo kwa kampuni inayoahirisha mabadiliko ambayo hasara yake inawaangukia wateja na tovuti za watu wengine. Kwa sababu hiyo, kampeni ya kuwahamasisha wananchi waidai IPv6 ingekuwa kupoteza nguvu. Lenye maana zaidi ni mamlaka za mawasiliano, kama TCRA nchini Tanzania na mwenzake wa Kenya, kuifanya IPv6 iliyowashwa tangu kiwandani kuwa sharti la kuidhinisha ruta na simu, serikali kuitaja katika zabuni zake za intaneti, na kila mtoa huduma kutakiwa kutangaza ni wateja wangapi anaowaweka kwenye anwani moja. Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo ingempa mteja kitu cha kulinganisha anapochagua kampuni, na kumwezesha mdhibiti kupanga kikomo kwa kuzingatia hali halisi ya soko lake.