Maneno ya Kubandikwa Siku ya Kuzaliwa

Ikifika Novemba 30, simu hujaa picha za Mark Twain, aliyezaliwa 1835, na Winston Churchill, wa 1874. Chini ya kila picha pana neno la kuchekesha. Mengi hayakutoka vinywani mwao.

Wanasema Churchill alimkomesha mbunge mwenzake, Nancy Astor. Bibi huyo eti alimwambia, ningekuwa mkeo ningekutilia sumu kwenye kahawa; naye akamjibu, ningekuwa mumeo ningeinywa. Kitamu, sikatai. Lakini magazeti ya Marekani yalikuwa yakikichapa kichekesho hicho kabla ya 1901, wahusika wakiwa hawana hata majina. Astor aliingia bungeni 1919.

Wanasema Twain alitamba kwamba habari za kifo chake zimetiwa chumvi kupita kiasi. Hapa wana nusu ya haki. Mwaka 1897 Twain, ambaye jina lake halisi ni Samuel Clemens, alikuwa London. Binamu yake, James Ross Clemens, akaugua huko huko, majina yakachanganywa, na mwandishi wa New York Journal akataka kujua hali ya Twain. Twain akamwandikia kwamba aliyeugua ni binamu, na sasa hajambo. Kuhusu kifo chake mwenyewe, habari hiyo ilikuwa imetiwa chumvi. Basi. Hilo “kupita kiasi” ni nyongeza ya wasimuliaji, na kwa maoni yangu wameuharibu utani.

Na Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa, ambaye kila Julai 14 husemwa kwamba aliwaambia wasio na mkate wale keki? Rousseau alikwisha kuandika kisa hicho, bila kumtaja malkia yeyote, kabla binti huyo hajakanyaga Ufaransa mwaka 1770.

Linaloniudhi zaidi ni la Julai 18, siku aliyozaliwa Nelson Mandela. Wanasema Mandela, akiapishwa Mei 10, 1994, alisema kwamba tunachokiogopa hasa ni uwezo wetu, si udhaifu. Maneno hayo ni ya Marianne Williamson, Mmarekani, katika kitabu cha 1992. Hotuba ya kuapishwa ipo, isome, hayamo. Ukiwaambia, hujitetea: “Hata kama hakuyasema, yanamfaa.” Yanamfaa vipi, na mwenyewe aliyeyaandika ananyimwa jina lake?

Anayetaka kumwadhimisha Mandela aitafute hotuba ya kizimbani, Pretoria, Aprili 20, 1964. Haina kichekesho, ila aliitoa mwenyewe.