Mnanunua Kelele, Mnaita Nguvu

Kijana aliyefunga heda, yaani mabomba mapya ya kutolea moshi, kwenye Subaru ya turbo, kisha akaondoka gereji bila mtu kugusa kontrol boksi, kompyuta ya injini, hajaongeza nguvu. Amenunua kelele. Na wengi wa wanaomuuzia wanalijua hilo vizuri kabisa.

Ukitaka ushahidi, simama Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, jioni, upande wa Barabara ya Bibi Titi Mohamed, taa zikiruhusu. Bajaji zinatangulia, bodaboda zinapenya, halafu inakuja Impreza imeshushwa chini, dereva anapiga resi, eksozi inatoa milio miwili mitatu ya risasi. Watu wanaotoka hospitali ya Mnazi Mmoja wanashtuka. Yeye anacheka. Mwombe akuonyeshe dashibodi: taa ya injini inawaka njano, na juu yake amebandika kipande cha solotepu nyeusi asiione.

Heda yenyewe sina ugomvi nayo. Manifoldi nyingi za kiwandani zimetengenezwa zienee na zidumu, moshi upite utakavyopita. Heda nzuri ina mabomba yaliyopimwa urefu na kipenyo, kila silinda na lake, ili moshi wa silinda moja ukitoka kwa kasi uache mvutano unaoinyonya silinda inayofuata. Silinda ikisafishika, inaingiza hewa mpya nyingi zaidi, na nguvu inaanzia hapo. Lakini hewa ikiongezeka, petroli nayo iongezeke, na plagi ichome kwa wakati mwingine. Nani anaamua petroli kiasi gani, plagi ichome lini? Kontrol boksi, kwa kufuata majedwali, yaani ramani, yaliyoandikwa Japani kwa ajili ya mabomba yale uliyoyang'oa. Ni fundi cherehani aliyeshikilia vipimo vyako vya miaka kumi iliyopita: suti itatoka safi, ila ya mtu mwingine.

Mwulize muuzaji habari hiyo uone anavyokujibu. "Usijali bosi, kontrol boksi inajifunza yenyewe."

Inajifunza, kweli. Inajifunza ukiwa kwenye foleni ya Msimbazi, mguu mwepesi, ikisoma sensa ya oksijeni iliyoko kwenye eksozi na kulenga sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli. Sensa ile ya kawaida inajua mambo mawili tu: petroli imezidi, petroli imepungua. Siku unapokanyaga mafuta hadi mwisho, usiku, Barabara ya Bagamoyo ikiwa tupu, kontrol boksi inaacha kuisikiliza. Inarudi kwenye jedwali lake, pamoja na masahihisho madogo iliyoyaokota kwenye foleni, ambako mambo yalikuwa mengine kabisa. Na hapo ndipo injini ya turbo inapohitaji mchanganyiko mzito, kama 11 au 12 kwa moja, ili petroli ya ziada ipoze joto. Unaipa kazi ngumu kuliko zote wakati ambao haina macho.

Kuna magari yenye nafuu. Yale yenye kipima hewa kwenye njia ya kuingizia yanaona kwamba hewa imeongezeka, yanaongeza na petroli. Yale yanayokisia hewa kwa kupima presha ya manifoldi ya kuingizia hewa, kama Honda nyingi za miaka ya 1990, hayaambiwi chochote. Lakini Subaru ya turbo yenye kipima hewa usidhani imepona: heda inaiamsha turbo mapema, presha inaweza kupanda kupita ilivyopangwa, na ratiba ya plagi haikuandikiwa hali hiyo. Kumbuka pia kwamba nyingi ya Impreza hizi za WRX na STI ziliandikiwa petroli ya Japani ya daraja la juu, oktani 100 hivi. Soma kilichoandikwa kwenye pampu unayojazia, kisha turudi kuzungumza.

Katika hali hiyo petroli inaanza kujiwasha kabla ya zamu yake, injini inagonga. Sensa ya kugonga ikisikia, inachelewesha plagi, na nguvu uliyoilipia inayeyuka hapo hapo. Isiposikia, kingo za pistoni zilizoshika ringi zinapasuka. Wenye EJ20, injini ya Subaru hizi, wanaijua silinda namba 4. Wiki inayofuata unasikia "injini imenoki", na mtu yuleyule aliyekuuzia heda anakupigia simu: ana injini ya mtumba kutoka Japani, safi, bei ya kishkaji.

Sijagusa ufungaji. Nendeni gereji za mtaa wa Gerezani mkaangalie kazi inavyofanyika. Fundi hana kosa la mikono. Mafundi wengi wanachomelea vizuri kuliko waliosoma chuo. Ila heda ya kuigiza imekuja na uso uliopinda, gasketi ni ile ya zamani, na tundu la sensa limewekwa palipopatikana nafasi. Anapiga grainda, anachomelea, anakaza. Hewa inapita kwenye upenyo mwembamba usioonekana, moshi unapovuta unanyonya hewa ya nje hadi kwenye sensa. Sensa inaona oksijeni nyingi, inapiga kelele kwamba petroli imepungua, kontrol boksi inamwaga petroli isiyohitajika. Gari linakula mafuta, moshi mweusi, plagi zimejaa masizi. Mwenye gari anakwenda kugombana na kituo cha mafuta.

Kisha taa inawaka. Mashine ya kupimia inasoma P0420, yaani masega ya kusafisha moshi hayafanyi kazi. Yatafanyaje kazi nawe umeyang'oa pamoja na mabomba ya zamani? Dawa ya mtaani ni kufunga kipande cha chuma chenye tundu kati ya sensa ya pili na bomba, isogee mbali na moshi na kudanganyika, au kufuta msimbo huo kila Ijumaa. Na masega yenyewe yako wapi? Ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ambayo watu wanazunguka mitaani wakiyatafuta kwa vipaza sauti. Uliyaacha gereji kama chuma chakavu, ukalipa na pesa ya ufundi juu. Kati ya watu wawili waliokuwepo siku ile, mmoja tu ndiye aliyefanya biashara.

Lakini tukubaliane kitu kinachowauma wengi: si nguvu mnayoitafuta. Ni mlio ule wa Subaru, unaotokana na mabomba ya urefu usiolingana, moshi wa upande mmoja ukichelewa kuliko wa mwingine. Dereva wa rali Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza, na tangu hapo kizazi kizima cha Afrika Mashariki kimeuchukulia mlio ule kama cheti cha kasi. Subaru wenyewe waliuondoa. STI za soko la Japani za miaka ya 2000 zilipopewa turbo ya njia mbili, zilifungwa mabomba ya urefu sawa, na ule mngurumo ukapotea, kwa sababu wahandisi walikuwa wanatafuta nguvu. Mnarudisha walichokitupa, mnaita maboresho.

Najua jibu lenu. "Mbona gari la mshikaji linatembea mwaka wa tatu?" Linatembea kwa sababu mhandisi aliacha akiba ya usalama, naye anaila kidogo kidogo. Altezza isiyo na turbo inaweza kutembea na heda bila ramani mpya miaka mingi, haitakufa. Haitakupa pia farasi uliowalipia. Kwa turbo hesabu ni nyingine.

Na jirani anayelala Mtaa wa Lumumba yuko wapi kwenye hesabu hiyo? Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo tangu mwaka 2015, chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004. Trafiki anaona tairi kipara ya daladala kutoka umbali wa uwanja mzima. Impreza inayopasua masikio mbele ya hospitali saa nne usiku haisikiki.

Kuandika ramani upya si uchawi wa Ulaya. Subaru nyingi za kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zinaandikwa kwa waya na laptopu kupitia tundu lile lile la mashine ya kupimia. Za zamani zaidi mara nyingi zinahitaji kontrol boksi ya ziada. Kinachotakiwa ni mtu anayejua kusoma anachokiona, sensa ya oksijeni ya masafa mapana ya kuonyesha mchanganyiko halisi, na subira ya kurekodi, kurekebisha, kurekodi tena. Inagharimu. Basi gharama hiyo iwe ndani ya bei ya heda, siku ile ile, kwa mtu yule yule, na karatasi ya vipimo mkononi kabla hujalipa. Muuzaji akikuambia hana mashine ya kurekodi, mwachie heda yake. Ukiwa tayari umeshafungiwa, rudi kesho asubuhi ukadai manifoldi yako. Na masega.