Simu Isiwe Kichaka cha Uzembe

Mpango wa m-mama, uliozinduliwa mwaka 2022 uenee nchini kote, ni wa kujivunia. Mwananchi hupiga 115 bila malipo. Mpokeaji huuliza hali ya mjamzito, kisha hutafuta chombo cha kumsafirisha.

Lakini simu haina macho. Haimwoni mama anayevuja damu, wala boti iliyokwama matopeni Delta ya Rufiji maji yakikupwa.

Basi maswali yaulizwe yote, na la maji pia. Penye shaka, mgonjwa ahesabiwe yu hatarini. Shauri lisifungwe kabla Utete haijathibitisha kuwa amefika.

Wapo watakaosingizia umbali. Mtumishi anayejibu “subirini asubuhi” pasipo kuuliza hakushindwa na umbali. Ameshindwa na wajibu wake.