Dawa Ifike Anapoishi Mnyoo

Siku ya dawa za minyoo shuleni, mtoto wa Gombani hupanga foleni, hupewa kidonge kimoja cha albendazoli cha miligramu 400, hukitafuna mbele ya mwalimu, na jina lake hutiwa alama daftarini. Jioni baba huuliza kama mtoto kesha kunywa dawa, na mama hujibu kuwa kesha kunywa. Jibu hilo ni la kweli. Ila dawa kunywewa ni jambo moja na dawa kumfikia mnyoo ni jambo jingine, na kisiwani Pemba tofauti ya mambo hayo mawili imepimwa.

Katika jaribio lililofanywa kwa wanafunzi wa Pemba, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014, albendazoli peke yake iliwaponya kabisa mnyoo mjeledi asilimia 2.6 tu ya watoto walioipata. Mebendazoli ilifikia asilimia 11.8. Albendazoli ilipoambatanishwa na oksanteli pamoati, waliopona walifika asilimia 31.2, na mayai ya mnyoo huyo katika choo yakapungua kwa asilimia 96. Kwa mhudumu wa afya aliyezoea kudhani kuwa kidonge kimoja kinamaliza kazi, takwimu hizi ni za kumkosesha usingizi.

Kidonge hicho hicho kinawaua vizuri minyoo wa mviringo, wanaoelea katika utumbo mwembamba ambamo dawa hupita ikiwa bado nyingi. Mnyoo mjeledi hakai huko. Makazi yake ni mwanzo wa utumbo mpana, jirani na kidole tumbo, na sehemu yake ya mbele, nyembamba kama uzi, ameizamisha ndani ya ukuta wa utumbo kama sindano iliyoachwa katika nguo. Albendazoli hukutana na safari ndefu kabla ya hapo: sehemu yake hufyonzwa njiani na kupelekwa kwenye ini, ambako hugeuzwa kuwa kitu kingine. Oksanteli hufyonzwa kidogo mno, kwa hiyo hubaki ndani ya mfereji wa chakula na kuteremka hadi chini. Nguvu ya kila dawa dhidi ya mnyoo huyu nayo ina sehemu yake, wala haifai kuipuuza. Hata hivyo, ni vigumu kuitazama ramani hiyo ya utumbo bila kuona kuwa hapa pana tatizo la anwani.

Na tatizo la anwani ndilo wataalamu wa polima wanalojivunia kulitatua. Polima ni molekuli ndefu iliyofungamana kipande kwa kipande, mfano wa shanga katika uzi, na mwenye kuiunda anaweza kuchagua shanga zake ili uzi ukatike mahali anapotaka. Zipo polima za jamii ya akriliki, zilizoanza kutumika katika dawa tangu miaka ya 1950 huko Ujerumani, ambazo hazidhuriki na tindikali ya tumbo. Baadhi yake huyeyuka pale tu kipimo cha pH kinapopita 7, yaani karibu na mwisho wa utumbo mwembamba. Wagonjwa wenye vidonda vya utumbo mpana humeza mesalazini iliyofunikwa ganda la namna hiyo, nayo hufunguka karibu na kidonda. Maarifa, basi, yapo na yana umri. Kinachokosekana ni uamuzi wa kumhesabu mtoto wa Pemba miongoni mwa watu wanaostahili dawa yenye anwani. Mazungumzo ya fani hii hukimbilia saratani, na saratani haina budi kushughulikiwa. Lakini mnyoo anayemnyonya mtoto damu kidogo kidogo na kumdumaza naye ni shabaha.

Mbunifu atakayekubali kazi hii atakuta kisiwa kina masharti yake. Mtoto hutafuna, na ganda likitafunwa limekwisha kazi yake. Walio wadogo zaidi husagiwa kidonge ili wasipaliwe. Kwa hiyo ganda halifai kuvikwa kidonge kizima. Livikwe chembechembe ndogo sana, za kunyunyizwa juu ya uji na kumezwa bila kusagwa. Hewa ya Pemba ni ya joto na unyevu, na polima iliyolainika ghalani hugandisha dawa ikawa bonge. Mtoto mwenye kuhara hupitisha kila kitu upesi, hata kile kilichopangiwa kusubiri. Kisha bei: vidonge vya minyoo vya shuleni hutolewa msaada na watengenezaji kupitia Shirika la Afya Duniani, na ganda litakalozidisha gharama mara kumi litabaki maabara.

Wapo watakaosema kuwa ganda ni kuhangaika bure, kwani dawa mpya yaja. Hoja yao ina uzito. Emodepsidi, iliyojaribiwa Pemba kwa watu wazima na kuchapishwa mwaka 2023, iliwaponya mnyoo mjeledi asilimia 85 ya waliopata miligramu 5, pasipo hila yoyote ya kuielekeza. Ila kundi hilo lilikuwa la watu ishirini tu, na njia ya kutoka jaribio dogo hadi daftari la mwalimu ni ya miaka mingi. Albendazoli ipo leo. Kama ganda lingeweza kuipa nguvu ni swali la kupimwa, na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iko Wawi, palepale Chake Chake, ikiwa na mafundi wanaohesabu mayai ya minyoo kwa hadubini tangu mwaka 2000. Mbunifu wa polima angeanza kwao kabla ya kuwasha mtambo wake. (Na akiteremka pwani atawaona akina mama wakianika mwani, ambao humo hutolewa karajini, polima inayotengenezewa maganda ya kapsuli, mwani huo huondoka kisiwani ukiwa mkavu na rahisi.)

Wakati hayo yakingojewa, kidonge cha shuleni kinywewe, maana minyoo wa mviringo hakiwaachi. Mtoto anayeendelea kuumwa tumbo, kuhara damu au kupauka apimwe choo, asirudishwe nyumbani kwa kuwa jina lake lina alama. Na mgonjwa wa shinikizo la damu aliyeandikiwa kidonge cha kutoa dawa polepole asikivunje wala kukisaga kabla ya kumuuliza mfamasia: ndani yake mna polima iliyopangwa kuachia dawa kwa saa nyingi, na ikisagwa dozi ya siku nzima humwagika mwilini kwa mara moja.