Kupanda Mche Si Kurudisha Ardhi

Malori ya mchanga hutoka Kaskazini yakapita Bububu kuelekea mjini. Tunaona kinachobebwa, hatuoni kinachoachwa. Kinachoachwa Donge Chechele, Pangatupu na kwengineko ni mashimo yaliyopoteza udongo wake wa juu pamoja na mimea iliyousitiri. Hoja yangu ni moja: kupanda miche ndani ya mashimo hayo si sawa na kuirudisha ardhi, na serikali inayochanganya mambo haya mawili itahesabu miche kila mwaka bila ya kupata shamba.

Mmea hutegemea tabaka jembamba la udongo wenye mboji na vijidudu, lililojengwa na maumbile kwa karne nyingi. Tabaka hilo likiondoka, kila machimbo hubaki na maradhi yake. Mabaki ya makaa ya mawe mara nyingi huwa na salfidi ya chuma. Ikikutana na hewa na mvua huzaa asidi kali inayoua mizizi na kuchafua mito. Dawa yake huanzia kwenye chokaa. Sisi, penye machimbo ya mawe ya matumbawe, tuna kasoro iliyo kinyume: chokaa imezidi. Penye machimbo ya mchanga, kinachokosekana ni mboji na uwezo wa kushika maji. Maradhi yanatofautiana, lakini kanuni haibadiliki: udongo upimwe na utibiwe kwanza, mti ufuate.

Mfano mzuri uko kwa jirani zetu. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo Rene Haller alianza kuotesha miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini ya Mombasa, palipobaki mwamba mtupu wa matumbawe. Alijaribu aina 26 za miti. Tatu tu ndizo zilizostahimili, mvinje ukiwa mmojawapo. Mvinje una vijidudu mizizini vinavyonasa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo huishi pasipo na rutuba. Hata hivyo, majani yake yaliyodondoka hayakuoza mpaka walipoletwa jongoo, wakayala na kuyageuza mboji. Ndipo mimea mingine ikapata pa kushika. Leo pahala hapo panaitwa Haller Park. Namtaja jongoo kwa makusudi, kwani kazi yake ndiyo iliyoumba udongo, na hakuna mgeni rasmi aliyewahi kualikwa kumzindua jongoo.

Wapo watakaosema kwamba nchi lazima ijengwe. Ni kweli. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, nao wanahitaji nyumba, skuli na hospitali. Lakini hoja hiyo ndiyo inayozidisha wajibu wetu: watu hao hao wanahitaji pia chakula, na maji ya Unguja hutoka ardhini. Mji wenyewe uliletewa maji ya bomba kutoka chemchem za upande huu wa Bububu tangu zama za Sultan Barghash. Shimo lililoachwa wazi likageuzwa jaa la taka ni hatari kwa kisima cha jirani.

Isitoshe, baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ilifanywa mali ya umma. Basi na shimo nalo ni la umma. Mchimbaji huondoka na faida, nasi tukabaki na mali yetu ikiwa haina kitu.

Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2015 na mamlaka ya kuisimamia. Ninachopendekeza ni mambo matatu. Kwanza, udongo wa juu uwekwe kando kabla ya kuchimba, na urudishwe. Pili, gharama ya kurejesha eneo iingizwe katika bei ya kila lori, na fedha hizo ziwekwe dhamana kabla ya jembe la kwanza. Tatu, dhamana irudishwe baada ya miaka kadhaa, pale mimea itakapokuwa imesimama yenyewe, na wanakijiji wawemo katika ukaguzi.

Ahadi ni deni, husema wazee wetu. Tatizo la machimbo yetu ni kwamba mdaiwa huwa ameshaondoka na lori la mwisho. Tumdai kabla hajaanza kuchimba.